UZI: Unataka kutafiti usaliti katika mahusiano hapa Dodoma? Pitia hapa kabla hujachapa dodoso

MtakwimuNkuhungu

Wakuu, salaam. Mada ya usaliti inawavutia sana wanaoandika tasnifu za saikolojia na sosholojia, na inastahili. Laura Betzig alipopitia taarifa za jamii 160 mwaka 1989, alikuta uzinzi umetajwa kuwa sababu ya kuvunjika kwa ndoa katika jamii nyingi kuliko sababu nyingine yoyote, ukiwa mbele hata ya ugumba. Shida ni kwamba madodoso mengi yanaharibika kwenye swali la kwanza: "Je, umewahi kuchepuka? Ndiyo / Hapana." Ukianza hivyo, utakachopima ni nani yuko tayari kujitwika lawama mbele ya mgeni mwenye kalamu.

Chukueni mfano mmoja unaotosha kumshtua mtafiti yeyote. Mark Whisman na Douglas Snyder walichapisha mwaka 2007 uchambuzi wa wanawake 4,884 walioolewa nchini Marekani. Wanawake wale wale waliulizwa kwa njia mbili kuhusu mwaka uliopita. Walipohojiwa uso kwa uso, waliokiri walikuwa asilimia 1.08. Walipojijibia wenyewe kwenye kompyuta, wakawa asilimia 6.13. Ni karibu mara sita, na ndoa ni zile zile. Kwa hiyo ukisoma mahali kwamba "asilimia fulani ya wanandoa wanasaliti", jiulize kwanza walihojiwa vipi, halafu ndiyo uanze kubishana na namba yenyewe.

Hatua zangu kwa anayeandaa dodoso:

Taja tendo na utaje muda. "Katika miezi 12 iliyopita, umekutana kimwili na mtu ambaye si mume wako au mke wako?" Halafu kila jambo lingine lipewe swali lake: kubusiana, meseji za mapenzi, kutuma hela kwa siri kwa mtu unayemtaka. Ukiyaweka yote kwenye swali moja, mmoja atahesabu meseji za usiku, mwingine hatahesabu chochote mpaka afike kitandani, na wote wawili utawaweka kwenye safu moja.

Uliza aina ya ndoa mapema. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi. Mwanamume wa Kondoa mwenye wake wawili halali, akiulizwa swali bovu, ataingia kwenye takwimu kama msaliti. Na mwenye mke mmoja pamoja na nyumba ndogo atakwepa kwa kusema yule naye ni mke. Weka swali: "Wewe na mwenza wako mna ndoa ya aina gani, na mmekubaliana nini kuhusu wapenzi wengine?"

Faragha ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kwenye nyumba za kupanga za Chang'ombe au Nkuhungu, vyumba vimetazamana na ua ni mmoja. Ukikaa na mhojiwa kwenye kigoda mlangoni, jirani anayefua anasikia. Tumia simu au tableti yenye hedifoni. Swali lisikike sikioni tu, lisiandikwe kwenye skrini. Skrini ionyeshe 1 na 2 peke yake, na maana ya 1 na 2 itajwe kwenye sauti na ibadilishwe kutoka swali moja hadi jingine, ili anayechungulia kwa nyuma asiambulie kitu. Jibu likishabonyezwa, ukurasa ufutike na usirudi nyuma. Mpe kwanza maswali matatu ya mazoezi yasiyo na uzito, kama alikula nini asubuhi, azoee vidole vyake. Msaidizi wa utafiti asimame hatua kadhaa pembeni, uso ukiwa upande mwingine.

---

Chimwaga_2

Asante mkuu. Swali: kwa sisi tusio na tableti wala hela ya programu, kuna njia ya karatasi inayoaminika?

---

MtakwimuNkuhungu

Ipo, na gharama yake ni sarafu moja. Wazo lilianza na Stanley Warner mwaka 1965; hii ninayoeleza ni sura yake iliyorahisishwa. Mpe mhojiwa sarafu ya shilingi 100 au 200, airushe mahali usipoona. Ukitokea upande wa kiongozi, aandike NDIYO bila kujali ukweli wake. Ukitokea upande wa wanyama, ajibu kwa ukweli. Wewe ukiona NDIYO hujui imetoka wapi, na yeye anajua kwamba hujui. Hapo ndipo anapopata ujasiri.

Hesabu: tuseme umehoji watu 400 na umepata NDIYO 250. Sarafu peke yake ilitarajiwa kutoa 200. Zinabaki 50, nazo zimetoka kwa wale 200 waliojibu ukweli. 50 kwa 200 ni asilimia 25.

Sasa bei yake. Ungeuliza waziwazi na ukapata asilimia 25 kwa watu 400, makadirio yako yangeyumba kwa takriban pointi 4.2 juu au chini. Kwa sarafu yanayumba kwa takriban pointi 9.5. Kufikia usahihi ule ule unahitaji watu karibu 2,000. Mwanafunzi mwenye watu 120 asiiguse njia hii. Atapata jibu pana kiasi cha kutomsaidia chochote.

Inapoharibika zaidi ni hapa: mtu mwaminifu anapata upande wa kiongozi, halafu moyo unakataa kuandika NDIYO, anaandika HAPANA. Wakifanya hivyo wengi, makadirio yanashuka, na wakati mwingine yanakwenda chini ya sifuri. Dawa ni kufanya naye zoezi kwa swali ambalo jibu lake linajulikana, mfano "Je, umezaliwa mwezi wa tatu?", mpaka aone kwa macho yake kwamba NDIYO haimshtaki.

Njia nyingine ni ya orodha. Kundi A linapewa mambo manne ya kawaida (amesafiri kwa treni, amelima mizabibu, ameazima hela kwa jirani, amefunga mwaka huu), kundi B linapewa hayo hayo na la tano ni lile nyeti. Kila mtu anataja IDADI tu. Wastani wa A ukiwa 1.9 na wa B 2.1, tofauti ya 0.2 ni asilimia 20. Usiweke manne ambayo karibu kila mtu ameyafanya, maana atakayesema "yote matano" amejifichua.

---

ZabibuYaMbabala

Mtakwimu, mimi nina neno kuhusu sababu. Dodoso nyingi zinamuuliza mtu "kwa nini ulisaliti" na zinampa chaguo mbili: hakuridhika kitandani au alikosa hela. Utafiti umeshavuka hapo.

---

MnasihiMakole

Ni kweli, dada. Dylan Selterman na wenzake waliwauliza watu 495, wengi wao vijana wa chuo nchini Marekani waliowahi kusaliti, na wakapata mafungu manane ya sababu: hasira, mapenzi kupungua, kupuuzwa, kutojifunga na uhusiano (kukosa nia ya kudumu nao), kutafuta kujiona wa thamani, hamu ya mwili, kutaka ladha tofauti, na mazingira, yaani pombe, msongo au kuwa mbali na nyumbani. Mtu mmoja huwa na kadhaa kwa pamoja. Aliyesukumwa na hasira na aliyesukumwa na mazingira si watu wa aina moja, na ukiwapa ushauri unaofanana unampoteza mmoja wao.

Ila msiibebe orodha hiyo nzimanzima mkaileta Mpwapwa. Wale walikuwa zaidi wapenzi wa chuo: hawana watoto, hawana mahari, hawana shamba la pamoja. Anzeni na mahojiano ya kina na watu 15 hadi 20 wa hapa, mkusanye sababu kwa maneno yao, ndipo mtunge vipengele.

Na kuna dhana inayowaumiza wengi, kwamba ndoa iliyosalitiwa lazima ilikuwa mbovu. Shirley Glass na Thomas Wright mwaka 1985 waliwaangalia waliokuwa na uhusiano wa kimwili nje ya ndoa. Kati yao, wanaume asilimia 56 na wanawake asilimia 34 waliitaja ndoa yao kuwa ya furaha au ya furaha sana. Mama anayekaa akijihoji "nilipungukiwa nini?" anastahili kuijua namba hiyo.

---

Chimwaga_2

Lakini mnasihi, si kuna utafiti wa Ujerumani unaosema furaha inashuka kabla ya usaliti?

---

MnasihiMakole

Upo. Olga Stavrova na wenzake walichapisha mwaka 2023 wakitumia takwimu za Kijerumani zinazowafuatilia watu wale wale mwaka hadi mwaka, wakiwa na matukio 947 ya usaliti. Kwa wastani hali ya mtu binafsi na ya uhusiano ilikuwa ikidorora kabla ya tukio, na baada yake wengi hawakurudi walipokuwa. Haupingani na Glass. Wastani unaweza kushuka huku wengi ndani yake wakiwa bado wanasema wana furaha. Tena Glass aliwapima mara moja, Stavrova alikuwa na picha ya miaka. Ndiyo maana dodoso la siku moja halina nguvu ya kusema kipi kilitangulia. Andika "vinaambatana", usiandike "inasababisha", hata kama msimamizi wako anakushinikiza.

---

ZabibuYaMbabala

Nyongeza kwa wanaotaka nadharia ya kushika: chukueni ya Caryl Rusbult, ya uwekezaji katika uhusiano. Kujifunga kwa mtu na uhusiano kunabebwa na vitu vitatu: anavyoridhika, anavyoona mbadala wake nje ulivyo mzuri, na alichokwisha kuweka ndani. Stephen Drigotas na wenzake mwaka 1999 waliwafuatilia wanafunzi wenye wapenzi, na kiwango cha kujifunga kilichopimwa mwanzoni kilitabiri usaliti wa baadaye. Hapo mpangilio wa wakati upo.

Kwenye "alichoweka" wengi wanakosea kwa kutafsiri vipengele vya Marekani. Huku uliza kiwanja cha Nzuguni kiko kwa jina la nani, mahari imelipwa yote au nusu, watoto, vikoba walivyochanga pamoja, ukwe uliojengeka. Na usisahau kwamba uwekezaji unaweza kumfunga mtu kwenye ndoa inayomuumiza. Kipengele hicho kikiwa juu, usikiite "ndoa imara".

---

KijanaWaIhumwa

Wakuu, hapa mjini kila mtu anasema watumishi waliohamia kutoka Dar wakaacha familia ndio wanaoongoza. Hilo lina ushahidi au ni maneno ya vijiweni?

---

MtakwimuNkuhungu

Ndugu yangu, usemi huo hauwezi kuthibitishwa kwa kulinganisha tu wenye familia hapa na wenye familia Dar. Serikali ilipoanza kuhamia kwa kasi mwaka 2016, hakuna bahati nasibu iliyoamua nani abaki na mke na nani amwache. Mwingine aliacha familia kwa sababu mtoto alikuwa kidato cha nne, mwingine mke ana kazi yake Dar, na mwingine ndoa ilikuwa imeshalegea na uhamisho ukampa njia. Huyo wa tatu akisaliti, utailaumu Dodoma kwa jambo lililoanzia Temeke.

Ukitaka kulipima kwa haki, usiulize "unaishi mbali na familia?" Uliza ni usiku mingapi katika siku 30 zilizopita mlilala nyumba moja. Tangu treni ya mwendokasi ianze kati ya Dar na Dodoma mwaka 2024, wapo wanaorudi kila Ijumaa na wapo wasiorudi miezi miwili. Kuwaita wote "wa mbali" ni kupoteza taarifa yako bora. Uliza pia aliridhika kiasi gani na ndoa yake KABLA ya kuhama, ukijua kwamba kumbukumbu hiyo nayo inapakwa rangi na yaliyotokea baadaye.

Na usidhani ni umbali tu. Joris Lammers na wenzake mwaka 2011 waliwachunguza watu 1,561 wenye kazi za kitaaluma, wakakuta kadiri cheo kinavyopanda ndivyo usaliti unavyoongezeka, kwa wanaume na kwa wanawake pia, na kilichopitisha athari hiyo ni kujiamini kwamba unaweza kumvuta mtu. Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kumejaa vyeo. Usipoweka ngazi ya kazi kwenye uchambuzi, umbali utabeba mzigo wa cheo.

---

ZabibuYaMbabala

Na kipato cha ndani ya nyumba. Christin Munsch mwaka 2015, kwa takwimu za vijana wa Marekani walio kwenye ndoa: mwanamume anayemtegemea mke kabisa, uwezekano wa kusaliti ndani ya mwaka ni kama asilimia 15, mwanamke anayemtegemea mume kabisa, kama asilimia 5. Kwa wanaume hatari ilikuwa ndogo zaidi walipochangia karibu asilimia 70 ya kipato, kisha ikapanda tena. Mstari hauendi moja kwa moja. Mkitumia uhusiano wa mstari mnyoofu kwenye programu yenu, mtaambiwa hakuna kitu wakati kipo.

---

KijanaWaIhumwa

Nimeelewa. Na hii ya "aliyesaliti mara moja atasaliti tena"?

---

MnasihiMakole

Kayla Knopp na wenzake, 2017, waliwafuatilia watu 484 kutoka uhusiano mmoja hadi unaofuata. Waliosaliti kwenye wa kwanza walikuwa na uwezekano wa takriban mara tatu kusaliti kwenye wa pili. Magazeti yaliishia hapo. Ukiingia ndani: kati ya waliosaliti mwanzo, kama asilimia 45 walirudia, kati ya wasiosaliti, kama asilimia 18 walisaliti safari hii. Maana yake zaidi ya nusu ya waliosaliti HAWAKURUDIA. Hatari ipo na ni ya kweli, lakini anayemfungia mtu mlango kwa namba hiyo peke yake hajaisoma yote.

---

Wakili_Kongwa

Naongeza la sheria kwa sababu wanaohojiwa huwauliza watafiti, na mtafiti akijibu ovyo anaharibu. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 107, inauhesabu uzinzi kuwa moja ya ushahidi kwamba ndoa imevunjika kiasi kisichorekebishika, hasa ukirudiwa au ukiendelea licha ya mwenza kulalamika. Hauvunji ndoa wenyewe tu. Kifungu cha 101 kinataka shauri lipite kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa, isipokuwa kwa hali zilizotajwa, na baraza litoe hati kwamba limeshindwa kusuluhisha. Kifungu cha 72 kinampa mume au mke haki ya kumdai fidia aliyezini na mwenza wake, na dai linaanguka kama huyo mtu hakujua wala hakupaswa kujua kwamba mwenzake yuko kwenye ndoa.

Kwa mtafiti hii ina uzito mmoja mkubwa: jibu la dodoso lako linaweza kutafutwa kama ushahidi. Usiandike jina, usiandike namba ya simu, usiandike namba ya nyumba. Fomu ya ridhaa yenye sahihi usiifunge pamoja na dodoso lake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Isomeni kabla ya kukusanya chochote kwenye simu. Na barua ya chuo peke yake haitoshi: pitieni kwa Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kata, hadi mwenyekiti wa mtaa, ila mwenyekiti asiambiwe ni kaya zipi zimechaguliwa.

---

Chimwaga_2

Mnasihi, nina kipengele cha wivu. Nilitaka kutumia lile swali la David Buss.

---

MnasihiMakole

Lile la mwaka 1992: kipi kingekuumiza zaidi, mwenza kukutana kimwili na mtu mwingine, au kumpenda mtu mwingine kwa dhati? Wanaume asilimia 60 walichagua la kwanza, wanawake asilimia 17. Limejenga kozi nzima. Udhaifu wake ni kwamba linamlazimisha mtu achague moja. David DeSteno na wenzake mwaka 2002 waliwapa washiriki tarakimu za kukariri huku wakijibu, ili wasipate nafasi ya kufikiri, na tofauti ya jinsia ikapotea. Brooke Scelza na wenzake, katika jamii 11 wakiwemo Wahimba wa Namibia, walikuta wivu unakuwa mkali zaidi pale ambapo baba huwekeza zaidi kwa watoto. Kwa hiyo weka vyote viwili: swali la kuchagua, na kipimo cha 1 hadi 7 kwa kila jambo peke yake. Vikitofautiana, hayo ndiyo matokeo yako mazuri.

---

KijanaWaIhumwa

Na ndoa kupona, kuna tumaini la kitakwimu?

---

MnasihiMakole

Lipo. Rebeca Marín, Andrew Christensen na David Atkins mwaka 2014 waliripoti miaka mitano baada ya tiba ya wanandoa. Wasio na usaliti, asilimia 23 walikuwa wameachana. Usaliti uliowekwa wazi, asilimia 43. Usaliti uliobaki siri wakati wa tiba, asilimia 80. Kati ya wanandoa 134, wenye usaliti walikuwa jozi 19 tu, kwa hiyo ile 80 imesimama juu ya watu wa kuhesabika kwenye vidole vya mkono. Mwelekeo unaaminika kuliko namba.

Utaratibu wa Kristina Gordon, Donald Baucom na Douglas Snyder una hatua tatu, na mpangilio wake ndio dawa. Kwanza kutuliza athari: usalama, usingizi, kula, mipaka na mtu wa tatu, muda maalum wa kuongea na muda wa kunyamaza. Pili kutafuta maana: mazingira ya uhusiano, ya nje, ya aliyesaliti na ya aliyesalitiwa. Tatu kuamua, kubaki au kuachana bila kubeba chuki. Huku kwetu kinachoharibu ni kuitwa kikao cha wazee na mshenga wiki ile ile na kuuliza "kwa nini?" wakati mtu hajalala siku tatu. Jibu litakalotoka litakuwa la kujitetea, na litanukuliwa miaka kumi. Kikao kije hatua ya pili, na kije wakiridhia wote wawili.

Usiidharau hatua ya kwanza. Annmarie Cano na Daniel O'Leary mwaka 2000 walikuta wanawake waliopatwa na fedheha ya ndoa kama usaliti au kuachwa walikuwa na uwezekano mara sita wa kugundulika na sonona kuliko wenye ndoa zenye migogoro ya kiwango hicho hicho bila fedheha hiyo. Na kuna la mwili: kama kuna hofu ya VVU, dawa za kinga huanzishwa ndani ya saa 72 na kumezwa siku 28, muda huo ukishapita, kupima sasa na kurudia baada ya miezi mitatu.

---

MtakwimuNkuhungu

Hilo liingie kwenye dodoso, wakuu. Ukurasa wa mwisho, baada ya maswali yote, mpe KILA mhojiwa karatasi ile ile, aliyekiri na asiyekiri, ili karatasi isimtaje mtu. Iwe na: kituo cha afya cha karibu cha kupima, Hospitali ya Mirembe kwa wanaoona mawazo yamewazidi, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kwa mwenye hofu ya kupigwa, na ofisi ya ustawi wa jamii. Ichapwe nusu ukurasa, isiwe na kichwa cha utafiti wala neno usaliti popote, kwa sababu itakutwa mfukoni wakati wa kufua.

Chimwaga, nitumie rasimu yako ya vipengele kabla ya jaribio la awali. Anza na watu 30, nusu Makole, nusu Kizota, na uwaulize mwishoni kila swali walilielewaje kwa maneno yao.